Nani Amlipie Utingo Leseni?

Benchi nimelibuni mimi, foleni ipo. Ukitoka Mbeya kwenda Tunduma katika wiki mbaya, malori huanza kuonekana yamesimama tangu Mpemba, kabla hujauona mji. Chini ya matela madereva wamewasha majiko, mmoja anakatakata nyanya juu ya kifuniko cha ndoo. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 2019 ili mzigo ukaguliwe mara moja tu, na bado zipo nyakati gari linakaa hapo siku mbili tatu. Watu wanaosubiri siku tatu huzungumza. Kwa hiyo nimewaketisha kwenye benchi la mama lishe mmoja: suka, yaani dereva wa lori, na utingo msaidizi wake, tajiri mwenye gari, na mkufunzi wa chuo cha udereva, nikawapa maneno ninayoyasikia barabarani mwaka hadi mwaka. Swali ni hili: leseni ya lori ni ghali kiasi gani, na nani ailipe?

UTINGO: Mimi nina miaka sita kwenye gari. Mlima Kitonga naujua kwa miguu: suka anapanda, mimi natembea pembeni na gogo, akikwama nalitupia nyuma ya tairi. Hata nikiwa usingizini nasikia kaingiza gia ya ngapi. Lakini trafiki akinikuta nimeshika usukani, mimi ni mhalifu. Nataka daraja E. Nikiuliza bei, kila mtu ana jibu lake.

TAJIRI: Bei inajulikana, iko TRA. Shilingi 70,000, miaka mitano. Gawanya kwa miezi 60, haifiki hata 1,200 kwa mwezi. Vocha tu hiyo. Zamani ilikuwa 40,000 kwa miaka mitatu. Mwaka 2019 walipopandisha wakaongeza na muda, kwa hiyo kwa mwezi ni karibu ileile. Hapo serikali tusiisingizie.

UTINGO: Bosi, hiyo ni bei ya kadi. Kwenye kadi hufiki mpaka upitie chuo, na chuo hukigusi mpaka uwe umeshapata leseni ya gari dogo. Halafu ndiyo ada ya kozi ya magari makubwa, laki kadhaa. Mimi wa huku, chuo ninachokijua kiko Dar: nauli, chumba, kula. Na wiki hizo zote sipandi gari, kwa hiyo siingizi kitu. Mshahara wako mimi siujui. Ananipa suka kutoka kwenye posho yake.

SUKA: Na safari ikiwa mbaya, tunalala njaa wote wawili.

MKUFUNZI: Ada mnayoilalamikia si ya chaki. Inanunua dizeli, tairi na klachi. Lori hata likiwa tupu, lita moja inalifikisha kilomita tatu hivi. Gari likifundisha halibebi mzigo, kwa hiyo halirudishi hata senti. Na klachi ya gari la chuo huungua mapema, maana kila mwanafunzi anakuja na uzito wa mguu wake. Chuo kikishusha ada, kitu cha kwanza kitakachopunguzwa ni muda wa mwanafunzi kwenye usukani.

SUKA: Kwani sasa hivi, kwa ada hiyohiyo, mwanafunzi anashika usukani kwa saa ngapi?

MKUFUNZI: Inategemea chuo.

SUKA: Mwalimu, nimekuuliza saa.

Hapa naingilia. Leseni yangu ni daraja D, gari dogo. Nilisoma katika shule moja ya udereva ambayo sitaitaja: tulikuwa wanne kwenye Corolla moja, mmoja anashika usukani robo saa, watatu tumebanana nyuma tunamwomba Mungu. Siku ya mtihani nilikuwa sijawahi kuendesha usiku, wala kwenye mvua, wala kupanda mlima. Nilifaulu. Kwa hiyo nikisikia "inategemea chuo" naelewa kabisa maana yake.

SUKA: Ngoja niwaambie kitu kuhusu uwanja. Chuoni wanamfundisha mtu kurudi nyuma kati ya fito mbili, tela tupu, ardhi tambarare. Sawa, nayo ni kazi. Ukitaka matako ya tela yaende kulia, usukani unaupeleka kushoto, na ukichelewa kuurudisha, kichwa kinalibana tela ubavuni na mmekwama hapo. Lakini pale atavunja fito tu. Mteremko ndio unaoua. Gari na mzigo wake mwisho ni tani 56. Tani 56 zikiwa mgongoni kwako pale Iwambi, unateremkia Mbalizi, mguu wako hauziwezi. Zinashikwa na gia. Unaingia na gia ndogo kabla mteremko haujaanza, unawasha breki ya injini, mguu unagusa na kuachia, unagusa na kuachia. Ukiukandamiza moja kwa moja, ngoma zinapata moto, unasikia harufu kali kama kuna kitu kinaungua chini, halafu unakanyaga na gari linakwenda tu. Ukishafika hapo unatafuta gia ndogo, haiingii tena. Nani anafundisha hilo kwa tela tupu, kwenye uwanja wa Dar?

MKUFUNZI: Darasani tunalifundisha.

SUKA: Darasani!

MKUFUNZI: Sasa nami nikuulize, mzee. Huyu kijana wako umemfundisha hivyo? Gia ndogo kabla ya mteremko?

SUKA: Miaka sita ananiona.

UTINGO: Mzee, nisamehe. Umenifundisha na kuachia frii.

Benchi zima likacheka, isipokuwa suka. Kwa msomaji asiyekaa na madereva: kuachia frii ni kutoa gia kwenye mteremko, gari likateleza kwa uzito wake lenyewe. Injini inakunywa kidogo, dizeli inabaki, na dizeli iliyobaki ina wanunuzi kando ya barabara. Ni wizi mdogo wa lita chache na hatari kubwa ya roho nyingi, na hufundishwa pamoja na mengine yote mema ambayo mkongwe humrithisha utingo wake. Wanaosifu uzoefu kuwa chuo tosha huwa wanairuka sura hii. Uzoefu haubagui, unapitisha ujuzi na unapitisha ugonjwa.

SUKA: Posho ingetosha, nani angeuza mafuta?

TAJIRI: Kumbe ndiyo maana hesabu ya dizeli haijawahi kulingana.

MAMA LISHE: Baba, hayo mtayamaliza huko nje. Hapa nimewapa wali.

Ilibidi mada irudishwe mahali pake, na aliyeirudisha ni suka mwenyewe, pengine kwa kutaka kuondoka kwenye habari ya frii.

SUKA: Mimi shule siipingi kwa sababu siijui. Tarehe 10 Aprili 2015 nilikuwa Ubungo. Nchi nzima mabasi na malori yalisimama. Walitaka kila leseni inapokwisha, yaani kila baada ya miaka mitatu wakati ule, dereva arudi darasani, na ada atoe mfukoni. Mtu ana miaka ishirini barabarani, anaambiwa akasome upya kwa fedha yake! Waziri wa Kazi alikuja pale pale stendi, sharti likaondolewa, magari yakatembea. Mwezi uliofuata, tarehe 4 Mei, tukagoma tena.

UTINGO: Kwa hiyo mlishinda.

SUKA: Kwa shule tulishinda. Lakini shule ilikuwa dai moja. Dai jingine lilikuwa mikataba. Tulisema: tupeni mikataba ya ajira, ya maandishi, yenye mshahara. Waziri Mkuu akaunda kamati. Nimebadilisha matajiri mara tatu tangu siku ile, na karatasi ya ajira yenye jina langu sijaiona.

Nawaomba wasomaji wayashike madai haya mawili ya 2015, shule na mkataba, kwa sababu tajiri naye ana kilio chake, na hakukisema bure.

TAJIRI: Mimi nina magari mawili, si mia mbili. Lile la kwanza nilinunua kwa kuuza nyumba. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na utingo kama huyu, mwaminifu, nikamhurumia. Nikamlipia chuo, nikamlipia leseni, nikampa gari la pili. Miezi minne! Miezi minne tu, kampuni kubwa ikamuona, ikamwongezea kidogo, akaniachia funguo kwa mlinzi. Hakuaga. Sasa wewe mwalimu unaniambia nisomeshe madereva. Nisomeshe kwa faida ya nani? Mwenye magari mia atakaa anasubiri mimi mnyonge nimpikie, yeye aje kula.

MAMA LISHE: Huyo kijana ulimwandikia mkataba?

TAJIRI: Mkataba wa nini? Tuliaminiana.

MAMA LISHE: Basi aliiba nini, mwanangu?

Tajiri hakujibu. Na mimi nimejaribu kumtafutia jibu, sikulipata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mkataba wa kazi uwe wa maandishi. Mwajiri akikwepa karatasi anakwepa mambo mengi kwa mpigo: mafao, saa za ziada, notisi ya kufukuza. Lakini karatasi ileile anayoikwepa ndiyo pekee ingeweza kumwandikia dereva: nimekulipia chuo, nawe utanifanyia kazi miaka miwili, ukiondoka kabla utarudisha kilichobaki. Bila hiyo, ada ya chuo inakuwa sadaka, na mfanyabiashara hatoi sadaka kila mwezi. Kwa hiyo anasema madereva hawaaminiki. Dereva naye anasema matajiri hawasomeshi. Wote wawili wanasema kweli. Tangu 2015 tumekuwa tukizungumzia leseni kwa wizara moja na mikataba kwa wizara nyingine, na hapo ndipo tulipokosea. Leseni ni ghali kwa sababu ajira haina karatasi.

Utingo akatoa simu. Ana rafiki Mkongo, mtu wa Uvira, aliyepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani, na huko sasa anaendesha lori. Akabonyeza ujumbe wa sauti, tukausikiliza kwa tabu, maana kuna gari lilikuwa linapiga honi nyuma.

SAUTI YA SIMU: Ndugu yangu, huku toka mwezi wa pili 2022 hauwezi kwenda kwa mtihani wa gari kubwa bila kusoma kwa mwalimu mwenye aliandikishwa na serikali. Masomo ni maelfu ya dola. Mimi sikulipa. Kampuni ililipa, nikatia sinyatire ya kutumika mwaka mmoja. Kama ningetoka mbele, deni ingekuwa yangu. Mwaka uliisha, sasa niko huru.

TAJIRI: Unaona? Mwaka mzima kafungwa.

UTINGO: Mimi nimefungwa sita, bosi, na leseni sina.

SUKA: Hata hivyo, tuangalie. Karatasi ya namna hiyo ni kitanzi ikishikwa na mtu mbaya. Anakulipia chuo, halafu anakukata posho, anakupa gari bovu, ukisema unaondoka anakutolea deni. Wako wangapi watakaosoma masharti kabla ya kutia sahihi? Na itaandikwa kwa lugha gani?

Hoja nzito hii, na sikubali ipitwe haraka. Ndiyo maana deni lazima lipungue kila mwezi anaofanya kazi, lisikae palepale mpaka siku ya mwisho. Ndiyo maana lazima lifutwe mwajiri akivunja ahadi yake ya mshahara au akimlazimisha mtu kuondoka na gari lisilo na breki. Na liandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Kiingereza cha mawakili kimeshawatesa Watanzania vya kutosha.

MKUFUNZI: Kuna fungu mnalolisahau. Waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, wenyewe wanaiita SDL. Ni asilimia ya mishahara. Mwaka 2023 ilishushwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Jina lake lenyewe linasema kazi yake. Dereva wa lori si fundi? Kwa nini kampuni yenye magari mia ilipe tozo hiyo, halafu dereva wake ajilipie chuo?

TAJIRI: Mimi silipi. Tozo hiyo ni ya mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea.

MKUFUNZI: Ndiyo nasema. Mkubwa analipa. Basi mkubwa asiyetaka kusomesha atakuwa amesomesha kwa lazima, na akija kumchukua kijana wako, ada itakuwa imetoka kwake.

TAJIRI: Hapo umesema.

Hii ilikuwa mara ya kwanza tajiri na mwalimu kukubaliana tangu wali uletwe.

Juu ya vishoka nitasema kidogo tu, kwa kuwa kila mtu anawajua. Yupo anayeweza kukupatia cheti cha kozi ambayo hukuhudhuria. Chuo kinapokuwa ghali, kishoka anapata soko. Mtu aliyenunua cheti na mtu aliyesoma wanapita mbele ya askari yuleyule, wanapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole kwa mashine ileile, na kadi zao zinafanana. Tofauti yao itaonekana Iwambi.

MAMA LISHE: Mmeongea sana, nami niseme langu. Hapa wanakula madereva kila siku, mwaka wa kumi na moja huu. Mwanamke mwenye usukani wa semi nikimwona, nahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Binti yangu anataka kuendesha. Anajua gari, alifundishwa na mjomba wake kwenye kipikapu. Sasa mnasema njia ni utingo. Nimtoe mwanangu akalale miaka sita kwenye kichwa cha gari na mwanaume asiyemjua, njiani, usiku, Nakonde mpaka Kasumbalesa?

SUKA: Hapana, mama. Hapana.

MAMA LISHE: Basi nyie njia yenu mmeilipia kwa miaka, yeye kabakiwa na chuo. Na chuo ni fedha. Kijana wa kiume akikosa ada anakuwa utingo, anasubiri. Binti akikosa ada, habari yake imekwisha siku hiyohiyo.

Sikuwa nimeliwaza hilo nilipoanza kupanga benchi. Kila hesabu ya gharama ya leseni niliyowahi kuisoma au kuisikia inaanza na utingo, kana kwamba utingo ni mlango ulio wazi kwa wote. Mwanamume hulipa kwa muda. Mwanamke haruhusiwi hata kulipa kwa muda. Ukisema chuo kiwe ghali ili kichuje wazembe, ujue kwamba unachuja na hawa.

TAJIRI: Binti yako akipata leseni, mama, niletee. Wanawake hawachezi na klachi.

MAMA LISHE: Kwa mkataba?

TAJIRI: Kwa mkataba.

SUKA: Angalia, leo atatia sahihi kwenye kitambaa cha meza.

Foleni ikasogea. Suka akanawa mikono, utingo akakimbilia gari. Na kama kawaida ya foleni, aliyepanda upande wa usukani alikuwa utingo, suka akazunguka upande wa pili ajinyooshe kitandani. Mita thelathini mbele utingo akasimama, breki za upepo zikatoa pumzi. Hilo ndilo darasa lake, mita thelathini kwa thelathini, tani zote zikiwa nyuma yake, hana mwalimu wala bima inayomtambua, na sheria haijui kama yupo.

Uamuzi wangu ni huu. Ada ya kadi, 70,000, aendelee kuilipa dereva mwenyewe. Ni mali yake, ataondoka nayo. Ada ya chuo ilipwe na anayefaidika na mzigo: kampuni kubwa kupitia tozo ambayo tayari zinaitoa, na wenye gari moja au mawili wasaidiwe na fungu hilohilo badala ya kuachwa wasomeshe kwa ajili ya wakubwa. Chuo kinachopokea fedha hizo kitangaze saa za usukani kwa kila mwanafunzi, na sehemu ya saa hizo iwe kwa tela lenye mzigo, kwenye mteremko, mwalimu akiwa pembeni. Miaka ya utingo ihesabiwe, apimwe anachokijua na kufundishwa anachokikosa, hasa kuacha tabia ya kuachia frii. Na fedha ya chuo isitoke bila mkataba wa ajira ulioandikwa.

Mwenye lori unayesoma haya, ambaye una utingo wa miaka mitatu na zaidi asiye na leseni: usingoje wizara. Anza na huyo. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, sahihi mbili, na ada ya chuo juu yako.